Fa

Kinanda cha Mtakatifu Aidani, Ludende,
kilikuwa na fa iliyokufa.
Jina na ugonjwa, neno moja.
Mzee Kuthberti Mligo alikanyaga pedeli
kwa raba zilizokatwa vidole,
upepo ukaingia, do ikaitika, re ikaitika, mi,
halafu shimo.

Na hakujua ufunguo mwingine ila ule mmoja,
kwa hiyo shimo lilikuwa palepale,
Majilio, Krismasi, Epifania,
kwenye zaburi na kwenye maziko,
kama jiwe la njia ya kisimani
ambalo mguu unalijua hata gizani.

Tulijifunza kulivuka kwa koo.
Sisi wa sauti ya pili, wachimba viazi wenye kucha nyeusi,
Mwinuka anayeimba besi huku amelala,
watoto wa ubatizo, hata padri:
ikifika fa wote tunaijaza
kwa nguvu kupita kipimo,
maana kinanda hakipo pale kutusitiri.
Askofu alipokuja kuweka mikono aliuliza,
"Mbona mnapaza hivyo katikati ya mstari?"
Mzee Kuthberti akasema, "Panya, Baba. Panya."

Kwaresima huku kwetu haina huruma.
Inakuja na mvua, na mvua ndiyo inayoleta ulanzi.
Mianzi inadondosha usiku kucha ndani ya mbeta,
jirani anakunywa, anacheua kwa makusudi
upande wa pili wa ua,
nasi tumejifunga.
Zambarau madhabahuni. Aleluya imefichwa.
Mjukuu wangu Etheldreda akauliza imefichwa wapi.
Sakristia, nikamwambia, kabati la juu.
Akaenda kuangalia.
Akarudi na kipande cha mshumaa.

Wiki ya tatu mzee Kuthberti akafa.
Kifua, na ukungu wa Machi.
Tukamzika bila Aleluya, ndivyo utaratibu unavyotaka,
na bila kinanda, maana nani angekipiga.
Tuliimba tu. Kwenye fa hatukuyumba,
pale tulikuwa wazoefu.

Jumapili ya Matawi, baridi hii haina mitende,
tukapunga majani ya mianzi,
mianzi ileile tuliyoikimbia tangu Majivu.
Mwinuka alinusa tawi lake
muda mrefu kuliko ibada inavyoruhusu.

Jumamosi Kuu mchana akafika Hilda, binti wa marehemu,
anayetengeneza redio Makambako.
Akafungua mgongo wa kinanda kwa bisibisi.
Nilimshikia tochi.
Vumbi, nyuki mkavu mmoja,
na chini ya ulimi wa fa
bahasha ya zaka ya mwaka tisini na mbili,
imekunjwa mara nne.

Panya hawakunji karatasi mara nne.

Hilda akanitazama. Akaivuta, akabonyeza:
fa ikalia, nzima, mbichi,
kama mbuzi aliyefungiwa tangu jana.
Miaka yote ile.
Nilijaribu kumkasirikia yule mzee,
hasira ikaja nusu, ikaketi.
"Niirudishe?" Hilda akauliza.
Nikasema naenda kutafuta kuni kavu.

Usiku moto wa Pasaka ulikataa mara tatu.
Miwati mibichi, manyunyu.
Mtu akaongeza mafuta ya taa, padri akageuka asione.
Ndipo mshumaa mkubwa ukaingia kwenye kanisa jeusi,
tukagawana mwali, mmoja kwa mmoja,
nyuso zikatoka gizani
kama viazi vinavyotoka udongoni,
na Aleluya ikatoka huko ilikokuwa.

Do. Re. Mi.

Sijui Hilda aliamua nini.
Sijamuuliza mpaka leo.
Pale nilisikia watu,
na kwenye kiwiko changu Etheldreda,
anaipiga fa kwa mdomo wote,
meno mawili ya mbele hayapo.